Wodi Iliyofungiwa Nje

Fundi cherehani alikata roho saa tano kasorobo asubuhi, kitanda cha tatu kutoka dirishani, katika wodi ya wanawake. Kidonda chake cha upasuaji kilikuwa kinapona vizuri. Kilichomuua ni sindano ya penisilini. Midomo ilimvimba, koo likaziba, na nesi aliyemchoma alikuwa bado amemkumbatia akimsihi apumue wakati dada wa mgonjwa alipoingia na chupa ya chai mkononi.

Dada mtu hakupiga kelele. Aliiweka chupa chini, akamtazama mdogo wake usoni, akauliza amepewa dawa gani. Alipoambiwa, alisema jambo moja lililomfanya Matroni wa wodi akimbilie simu: siku ya kulazwa, yeye mwenyewe alisimama mapokezi akaeleza kwamba mdogo wake ana mzio wa penisilini tangu utotoni. Karani aliandika kwenye kompyuta, tena akamsomea.

"Sasa mliandika ili iweje?" aliuliza.

Aliuliza swali ambalo wodi nzima ililiogopa. Tangu saa nne asubuhi ile, kompyuta zote za wodi zilikuwa zimekataa kufungua faili la mgonjwa yeyote, na mafaili ya karatasi yalikuwa yamekwisha kupelekwa ghalani zamani.

Polisi walimtuma inspekta mwanamke wa makamo ambaye kituoni walimwita Kobe, mbele yake na nyuma yake, naye hakuona ubaya. Alitembea polepole na kuzungumza polepole. Waliomjua walisema Kobe akivuta shingo ndani, usidhani amelala.

Alianza na nesi. Walikaa katika kijichumba cha dawa, magoti karibu yagusane. Nesi alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, sare imenyooka kama karatasi, macho makavu.

"Kompyuta ilikataa saa ngapi?"

"Raundi ya madaktari ilipokwisha tu. Nilijaribu, ikasema haiwezi kuunganishwa. Nikampigia fundi wa mitambo, simu ikaita mpaka ikakatika."

"Mgonjwa alikuwa na hali gani?"

"Homa ilipanda ghafla. Alikuwa anaweweseka, ukimuuliza hili anajibu lile."

"Nani aliagiza ile sindano?"

Nesi alitazama kabati la dawa. "Mimi mwenyewe. Nilikosea."

Kobe alikuwa amelazwa hospitali mara za kutosha kujua kwamba nesi hachomi dawa ya namna ile kwa kichwa chake mwenyewe. Alimweleza taratibu kuwa maneno hayo yakiandikwa yatakuwa maelezo yake, na kwa maelezo hayo atalala mahabusu. Nesi akasema waandike. Aliomba jambo moja tu: mjomba wake aitwe.

Mjomba huyo hakuhitaji kutafutwa mbali. Alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa hospitali hiyo hiyo, na watu wote walimwita Bingwa. Mama yake nesi alipofariki, Bingwa ndiye aliyemchukua binti akiwa mdogo, akamlea na wanawe, akamsomesha unesi, akamtafutia nafasi pale. Aliposikia, alisema anakuja. Lakini kabla hajafika Kobe alishuka ghorofa ya chini, kwenye chumba cha seva.

Kilikuwa chumba kidogo chenye baridi ya kutia ganzi na vumo la mashine lisilokatika. Fundi wa mitambo, kijana mwembamba waliyempa jina la Waya, alikuwa amesimama katikati kama mtu aliyefiwa. Alieleza bila kuulizwa kwamba simu yake aliiacha kwenye chaji alipopanda dari la jengo la pili kuvuta nyaya. Alirudi saa tano na kukuta watu wanamtafuta kwa matusi.

"Nieleze kilichotokea," Kobe alisema, "kana kwamba unamweleza shangazi yako."

Waya akaeleza. Seva iliyoshika mafaili yote ina mlango, na kila siku watu wasiojulikana kutoka huko nje duniani huja kuubisha. Hawajui neno la siri la mtu yeyote. Wana mashine zinazobahatisha maneno, elfu kwa elfu, kama mwizi mwenye kapu la funguo anayejaribu mmoja mmoja bila kuchoka. Kwa hiyo Waya alijenga kinachoitwa ukuta wa moto, akaupa kanuni: anwani yoyote ya mtandao itakayokosea neno la siri mara sita ndani ya dakika moja, ifungiwe nje kwa nusu saa. Mwizi mwenye kapu la funguo hana maisha ya kungoja nusu saa kila baada ya funguo sita.

"Kanuni nzuri," Kobe alisema.

"Nzuri kwa walio nje." Waya alionyesha dari. "Wodi nzima inatokea kwenye kisanduku kimoja cha mtandao. Kwa macho ya seva, wodi nzima ni mtu mmoja. Mmoja akikosea humo, wamefungiwa wote. Niliomba wodi zisiguswe na hiyo kanuni. Utawala ukasema wezi wanaweza kuwa ndani vilevile, tungoje kikao. Kikao hakijakaa mpaka leo."

"Liliwahi kutokea?"

"Mara moja, kwa bahati mbaya. Daktari alirudi likizo kasahau neno lake, akabahatisha, wodi ikakatika. Nikamweleza sababu, tukacheka yakaisha."

"Na leo?"

Leo, Waya alisema, ubishaji ulitoka ndani ya wodi ya wanawake, kwenye kompyuta ya chumba cha madaktari kilichoko mwisho wa ujia. Jina lililotumika lilikuwa la nesi yule.

Mkuu wa utawala, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akinyonga tai, alishusha pumzi kwa nguvu. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Nesi amesahau neno la siri, amebofya ovyo, amefunga wodi kwa uzembe wake, kisha amechanganyikiwa na kuchoma dawa asiyoijua. Kama si yeye, basi ni fundi aliyepanda darini na kuacha simu. Achaguliwe mmoja kati ya hao wawili, hospitali iendelee na kazi.

Kobe alimshukuru kwa msaada wake, akapanda ngazi.

Bingwa hakuwa amekuja; alimpokea ofisini kwake, jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Alikuwa mzee wa haiba, nywele zina mvi za hapa na pale, koti jeupe, mikono mifukoni. Mhudumu alileta chai ya watu wawili. Yake haikuguswa mpaka ikatanda ngozi juu.

Alizungumza kwa upole na uchungu. Alisema yule si mpwa tu, ni mwanawe kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Hakuwa mzembe tangu udogo. Yeye mwenyewe asubuhi alifanya raundi, akatoka wodini kabla ya saa nne, na hakurudi tena.

"Mimi simtetei kwa kuwa ni damu yangu, Inspekta. Lakini tazama mwenyewe tunavyofanyishwa kazi. Mlango unajifunga mara mbili asubuhi moja, fundi hajulikani aliko, mgonjwa anaungua kwa homa. Nesi mdogo afanye nini? Kama kuna wa kushtakiwa, ni huo mfumo."

Kobe aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama nesi angeweza kuagiza dawa ile mwenyewe. Bingwa alifikiri kidogo, akasema kwa huzuni kwamba vijana wakibanwa hufanya mambo. Hakuomba kumwona mpwa wake, ingawa binti alikuwa ng'ambo tu ya uwanja, amekaa kwenye benchi na askari.

Kobe alirudi wodini. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mnene mwenye mshono ubavuni, alikuwa ameamriwa alale upande mmoja na hakuweza kugeuka. Aliona kitanda cha marehemu, kabati la dawa na meza yenye kompyuta, basi. Lakini alichokiona alikisema bila kupepesa. Tangu raundi ilipokwisha, yule binti hakutoka machoni pake. Alikuwa anamfuta mgonjwa kwa kitambaa cha maji, anakimbilia kompyuta, anarudi, kama mtu aliyebandika chungu jikoni na mtoto analia chumbani.

"Hakwenda chumba cha madaktari?"

"Aende saa ngapi, mwanangu? Miguu yenyewe ilimuuma mimi nikitazama."

"Alikuja mtu kuzungumza naye?"

"Sauti ya mwanamume niliisikia, nyuma yangu huku. Ya upole. Maneno sikuyashika. Baada ya hapo ndipo binti akaenda kabatini."

Kobe alimwita Matroni pembeni, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu asubuhi: zaidi ya mgonjwa yule, nani mwingine alikuwa anataka kusoma faili kutoka wodi hii leo?

Matroni alisita. Wakaguzi, alisema. Madaktari wawili kutoka makao makuu. Mwezi uliopita mama mmoja aliyetoka kujifungua alivuja damu wodini hapo hadi akafa, akingoja daktari wa upasuaji. Wakaguzi walitarajiwa kesho kuja kulisoma faili lake, wakatokea leo bila taarifa, raundi ikiendelea. Waliwekwa kwenye chumba kidogo karibu na ngazi, wakapewa kompyuta. Nayo ikakataa kama nyingine. Walikunywa chai, wakangoja, na kelele zilipoanza wakaondoka wakisema watarudi kesho.

"Na daktari aliyengojwa na yule mama alikuwa nani?"

Matroni alitazama sakafu kabla ya kujibu.

Kobe hakuharakisha. Alishuka tena kwenye baridi ya Waya, akavuta kiti.

"Niambie ulifunga mara ngapi huo ukuta wako."

"Mara mbili. Saa nne, halafu saa nne na nusu. Nusu saa ya kwanza ilipokwisha mlango ulifunguka, na hapo hapo, hata mtu hajavuta pumzi, ukabishwa tena kwa nguvu ukafungwa. Ulifunguka saa tano, mgonjwa amekwisha kufa."

"Wodini kuna aliyejua kuwa ulifunguka?"

"Angejuaje? Ulifunguka kwa muda wa kupepesa macho. Kwao ilikuwa imekatika mfululizo. Hata mimi nimejua baada ya kuangalia kumbukumbu za seva, na sijamwambia mtu. Mkuu wa utawala hakunipa nafasi."

Kobe alifumba macho. "Hayo maneno ya siri yaliyojaribiwa, yalikuwaje?"

"Ya ovyo. Moja moja moja moja. Mbili mbili mbili mbili. Hata mlevi habahatishi hivyo." Waya alikunja uso, wazo likianza kumjia. "Halafu aliacha. Mwizi akifungiwa huendelea kubisha, mashine yake haina akili ya kukata tamaa. Huyu alipofungiwa tu akanyamaza. Akangoja kufunguliwe, akabisha tena."

"Kwa sababu alipata alichokitaka," Kobe alisema. "Hakuwa na haja ya kuingia, mwanangu. Alitaka wengine wasiingie. Yule daktari aliyerudi likizo akasahau neno lake, ukamweleza sababu mkacheka, alikuwa nani?"

Waya alimtaja. Kisha, kwa maelekezo ya Kobe, alifungua faili la yule mama aliyekufa kwa kuvuja damu, akatazama lilivyokuwa juzi na lilivyo leo. Walisoma wote wawili, Kobe kidole kikifuata mistari. Waya alisema neno ambalo huwa halisemwi mbele ya watu wazima.

Alasiri Kobe alivuka uwanja akifuatwa na askari mmoja, nesi na Waya. Bingwa aliwatazama wakiingia, akauliza kama kuna habari njema. Mikono ilikuwa mifukoni vilevile.

"Daktari," Kobe alisema akikaa, "asubuhi uliniambia mlango ulijifunga mara mbili. Nimezunguka hospitali yote. Nesi hakujua ni mara mbili, Matroni hakujua, wakaguzi hawakujua. Fundi alijua akiwa peke yake, na hakuwa amemwambia mtu. Wewe nani alikuambia?"

Bingwa alitabasamu kidogo. Alisema huenda ni namna ya kusema tu. Mtu husema mara mbili, mara tatu.

"Huenda. Lakini wakati wodi imefungiwa nje, jengo hili halikufungiwa. Linatoka kwa kisanduku chake. Kuna mtu alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia, akaingia kwa jina lako, akafungua ripoti ya yule mama. Alisogeza saa. Ripoti sasa inasema ulipigiwa simu mama akiwa amekwisha kufa, kwa hiyo aliyechelewa ni mkunga aliyekupigia. Nilidhani umefuta ya zamani, lakini huyu kijana anasema seva haifuti. Inaandika mpya juu ya ya kale, na ya kale inabaki chini yake."

Waya, bila kuinua macho, alisema, "Nilikuambia siku ile ile uliporudi likizo, Daktari. Labda hukusikia."

Kobe aliendelea kwa sauti ile ile ya taratibu. Wakaguzi walitokea siku moja kabla, wakati wa raundi. Mtu mwenye ripoti ya kurekebisha alihitaji nafasi, na alijua kwamba kukosea mara sita kungempa nusu saa. Akafunga mlango wa wodi kwa kompyuta ya chumba cha madaktari, akavuka uwanja. Nusu saa haikumtosha. Akarudi wodini kufunga mara ya pili.

"Na wodini alikutwa na mtu," alisema, akamgeukia nesi. "Binti, mimi siwezi kukusemea hili."

Nesi alikuwa amesimama karibu na mlango. Tangu saa tano asubuhi hakuwa amelia, na sasa pia hakulia. Alizungumza na mjomba wake kana kwamba wako wawili tu chumbani.

"Nilikuambia mashine imegoma. Nikakuambia homa imepanda, mgonjwa haeleweki anachosema. Nikakuuliza, Mjomba, tusubiri ifunguke? Ukasema nimpe tu penisilini, wewe utaiandika ukitoka chumba cha madaktari." Akaelekeza kidole upande wa wodi. "Ukaingia chumba cha madaktari."

"Sikujua ana mzio," Bingwa alisema. "Wallahi sikujua."

"Mimi ningejua. Ilikuwa ifunguke dakika ile ile. Nilikuwa na dawa mkononi na macho yangu yako kwenye kompyuta." Akavuta pumzi. "Nilikungoja uje uandike. Polisi wamefika, bado nakungoja. Nikasema hawezi kuniacha, ana jambo limemshika, atakuja. Ndiyo maana sikukutaja. Na kumbe hata jina ulilobishia ni langu."

Bingwa alitoa mikono mifukoni, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, kama majani ya mti yanapopigwa na mvua, na vikombe vya asubuhi ambavyo hakuna aliyeviondoa vilianza kugongana kwenye visahani. Waya aligeuza uso.

Aliyasema yote hapo, bila kushurutishwa, hata kwamba nusu saa haikumtosha kwa kuwa vidole vilikuwa vinakosa herufi. Ilianza mwaka uliopita, kidole kimoja, kisha mkono. Alificha. Alipanga upasuaji mwepesi, mzito akawaachia vijana akisema wajifunze. Jioni ile ya yule mama, kijana aliyekuwa zamu alikuwa mgonjwa. Wakampigia yeye. Alifika, tena kwa haraka. Alikaa ndani ya gari, uwanjani pale chini ya dirisha la wodi, akaitazama mikono, akashindwa kufungua mlango. Aliona taa za wodi zikiwaka na manesi wakikimbia. Aliondoka walipoacha kukimbia.

"Miaka thelathini," alisema. "Mtu amejulikana kwa mikono yake miaka thelathini. Utamwambia nani kwamba imekufa?"

"Ungewaambia hao wanawake wawili wakiwa bado hai," Kobe alisema. "Kwa nini jina la binti?"

Bingwa alitazama vikombe. "Lilikuwa la kwanza kunijia. Nilimsaidia kulichagua siku aliyoanza kazi. Nilijua yeye haangaliwi vibaya na mtu, nikadhani watasema ni mtoto kakosea, yataisha." Akamtazama mpwa wake. "Nilikuwa nitafute wakili mzuri."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na nesi asubuhi nzima alikuwa amekaa juu ya benchi akiiamini methali hiyo kwa moyo wake wote.

Askari alipotoa pingu, Bingwa alinyoosha mikono mwenyewe. Ilitetemeka kiasi kwamba askari alikosa mara mbili kuifunga, ikabidi Kobe ainuke amshikie daktari vifundo vya mikono mpaka chuma kikalia. Walimpitisha ujia wa nyuma. Hata hivyo watu walikuwa wamejipanga dirishani.

Jioni ile Waya alibadilisha kanuni bila kungoja kikao: ndani ya hospitali, atakayekosea afungiwe yeye na jina lake, wodi iachwe. Mkuu wa utawala alitia sahihi bila kusoma.

Nesi aliachiliwa. Kobe alimweleza kwamba atahitajika mahakamani, na kwamba bodi ya wauguzi nayo itakuwa na maswali yake. Binti akasikiliza, akauliza jambo moja.

"Lakini sindano ilikuwa mkononi mwangu, Inspekta. Hiyo wanaiandika wapi?"

Kobe alimsindikiza mpaka mlango wa mbele.

Nje, kwenye ngazi za mbele, dada yake marehemu alikuwa amekaa akingoja gari la kubeba maiti. Alikuwa ameelezwa yote. Nesi alipomwona alisimama, akawa hajui apite au arudi. Mwanamke yule alimtazama kwa muda mrefu, mfuko wa nguo za mdogo wake ukiwa mapajani.

"Kabla sijafika, ulikuwa naye muda wote?" aliuliza.

"Nilikuwa naye."

"Alisema chochote?"

Nesi alishika nguzo ya ngazi. "Kabla koo halijaziba, alinishika mkono. Homa ilimpotosha, akadhani mimi ni wewe. Aliniita Dada. Akaniuliza tunakwenda nyumbani saa ngapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sasa hivi."

Mwanamke alifumba macho. Kisha aliuondoa mfuko mapajani, akausogeza upande wa pili, pakawa na nafasi ya mtu mmoja kukaa. Nesi alikaa. Gari lilichelewa sana, nao wakalingoja pamoja.